Maji Yatokee Wapi?

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hesabu hii ni nyepesi mno, na huenda ndiyo sababu hakuna anayeifanya. Paa la nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, ukijumlisha na baraza ya nje, halikosi mita za mraba 100. Mvua ya masika ya milimita 50, ambayo kwa mkazi wa Dar es Salaam au Unguja si habari ya kumpigia mtu simu, inalishushia paa hilo lita 5,000. Ni maji ya kujaza tangi kubwa la plastiki, yanafika kwa saa chache, hayabishi hodi, na yote yana swali moja: tutokee wapi? Nyumba isiyo na jibu hujibu kwa dari, kwa ukuta, kwa msingi.

Tukisema nyumba imeharibiwa na maji, akilini huja picha ya kuingia. Bati limetoboka, bomba limepasuka, mto umevuka kingo. Hasira zote tunazielekeza kwenye tundu. Lakini maji huingia nyumbani kila siku ya Mungu. Tunaoga, tunafua, tunapiga deki, tunachemsha maharage nusu siku, tunalala wanne chumba kimoja tukipumua hadi vioo vinatoa jasho. Ukuta wa nje unalowa masika nzima, kisha upepo wa kusi unaukausha, na mwenye nyumba hana habari. Maji yaliyoingia yakatoka hayana kesi na mtu. Kesi ni ya yale yaliyoingia yakakosa pa kutokea: yaliyokwama juu ya dari, nyuma ya lipu, chini ya vigae, kandokando ya nondo.

Anza na waa la darini, maana wengi wetu ndipo tunapoanzia. Linajitokeza asubuhi moja juu ya kochi, la kahawia, lenye ukingo uliokolea kuliko katikati. Ukingo huo una maelezo yake. Maji yanaposambaa ndani ya bodi ya jipsamu hubeba vumbi na uchafu wa huko juu, na pale yanapokomea ndipo yanapokaukia na kuacha mzigo. Mvua nyingine ikija, mstari mwingine unachorwa nje ya ule wa kwanza. Mtu mwenye subira anaweza kuusoma msimu mzima kwa kulala chali.

Fundi anaitwa. Anapanda juu na tochi, anakawia, anashuka na buibui kichwani.

"Mama, hapa sipo panapovuja."

"Fundi, si unaliona waa lenyewe lilipo?"

"Waa ndipo maji yalipochoka. Yameanzia kule juu kwenye kofia, yakashika papi, yakateremka na kenchi, yalipofika hapa yakakuta msumari. Ndiyo yakadondoka."

Mazungumzo haya, kwa maneno hayo au yanayofanana nayo, yanafanyika kila masika katika maelfu ya sebule, na kila mara mwenye nyumba huyasikiliza kwa shaka. Tunataka tatizo liwe pale linapoonekana. Maji hayana desturi hiyo. Huchagua njia yenye mteremko na ya kushikia, hata iwe ndefu kiasi gani, na huweza kusafiri mita kadhaa chini ya ubavu wa ubao kabla ya kujitangaza. Ndiyo maana mafundi wa bati wa zamani walifundishana jambo dogo ambalo haraka za leo zinalisahau: msumari hupigwa mgongoni mwa wimbi la bati, kamwe si bondeni. Bondeni ni njia ya maji. Ukipiga msumari huko umetoboa barabara, na hakuna mpira wala lami itakayokuhifadhi kwa muda mrefu.

Jambo linalofuata baada ya fundi kuondoka ndilo linalonishughulisha zaidi. Idi imekaribia, au posa inakuja Jumamosi, au ni uvivu tu wa binadamu. Kofia ya paa haijaguswa. Kinachonunuliwa ni ndoo ya rangi. Waa linapakwa, linapotea, na nyumba inapokea wageni. Ukutani mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu rangi inayochaguliwa kwa ukuta wenye unyevu mara nyingi ni ya mafuta, ile inayong'aa na kufutika, kwa hoja kwamba inazuia maji. Ni kweli inazuia. Inayazuia yaliyomo yasitoke. Baada ya muda rangi inavimba malengelenge, na ukilitoboa moja kwa kidole unakuta nyuma yake unga mweupe wenye ladha ya chumvi.

Hapa methali inayotujia wote ni ile tuliyoandikia insha tangu darasa la tano: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali yenye akili, na sina ugomvi nayo kwa upande wa bati. Tundu la paa lizibwe leo, kesho ni gharama. Lakini iko nyingine, inayosemwa zaidi kwa kejeli: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Kwa kawaida tunaielekeza kwa mtu anayefurahia hasara ya mwenye mali kwa kuwa mzigo umepungua. Nimeanza kuisikia kwa masikio ya ukuta. Katika habari ya maji, mchukuzi ni ukuta wenyewe. Ndio unaobeba kilichopanda kutoka ardhini na kilichoshuka kutoka paani, na nafuu yake haitoki popote ila katika kuvuja. Ukiziba kila ufa bila kujua upi ni wa kuingilia na upi ni wa kutokea, utakuwa umefanya hisani kwa mgonjwa kwa kumfunga pua na mdomo.

Mahali pa kujifunzia hili ni Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi, na vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ina urefu wake. Hakuna mtawala aliyeweza kuuamuru mkoko urefuke. Chokaa yenyewe ilitoka katika matumbawe hayohayo. Jiwe la chokaa likichomwa kwenye tanuu hadi joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa hai. Ikizimwa kwa maji huwa uji, uji hupakwa ukutani, kisha polepole, kwa miezi na miaka, huvuta tena hewa ileile ya kaboni na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa Unguja ni jiwe la bahari lililovunjwa, likachomwa na kujengeka upya juu ya mawe wenzake. Kila kitu ndani yake kina matundu madogo, na matundu hayo ndiyo siri yake.

Maji ya ardhini hupanda katika matundu hayo kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Hakuna nyumba ya kale mjini humo iliyokingwa kwa karatasi ya nailoni chini ya msingi. Hapakuwa na nailoni. Waashi walijua kwamba maji yatapanda na wakayaacha yapande, mradi yafike usoni mwa ukuta na kukaushwa na upepo. Lipu ya chokaa na chokaa ya kupaka juu yake hazikuwahi kuuzuia mvuke. Chumvi ilipojikusanya, ililiwa na lipu. Lipu ilipochakaa, ilibanduliwa na kupakwa mpya. Lipu ilikuwa ya kufa ili jiwe lisife. Matengenezo ya kila baada ya misimu kadhaa yalikuwa sehemu ya jengo tangu siku ya kwanza, kama paa na mlango vilivyokuwa sehemu yake.

Kisha ikaja saruji. Saruji ya Portland ilisajiliwa Uingereza na Joseph Aspdin mwaka 1824, na katika pwani yetu ilipata enzi yake kamili katika karne ya 20. Ni kitu chema kwa kazi yake. Haraka, ngumu, haihitaji mwashi aliyekaa miaka akijifunza kuzima chokaa. Mwenye nyumba ya Mji Mkongwe aliyeona lipu yake inabanduka alifanya ambalo mimi na wewe tungelifanya: alinunua mifuko, akapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe, ukawa laini, mgumu, msafi. Maji hayakuacha kupanda. Yalipofika usoni yakakuta pamefungwa, yakaendelea kupanda hadi juu ya lipu mpya, au yakageukia upande wa ndani, chumbani. Yakifika kwenye kichwa cha boriti, mle ndani ya ukuta ambamo hakuna jicho linaloona, yanakaa. Mti unaoza kimyakimya, mchwa wanapata habari, na siku sakafu ya orofa inapolegea, watu husema nyumba imezeeka. Uzee hauna hatia. Ule ukuta umekaa miaka mia na hamsini na maji yake bila ugomvi. Umeumwa tangu ulipozuiwa kukauka.

Mapaa nayo yana kisa chake. Nyumba nyingi za mawe za Unguja na Lamu ziliezekwa sakafu bapa ya mawe na chokaa juu ya boriti, nene na nzito, ambayo maji yake yalitolewa kwa milizamu iliyochomoza nje ya ukuta. Sakafu hizo zilivuja, na polepole wenyeji wakaziwekea mapaa ya bati juu yake. Leo mpiga picha wa kitalii hulalamika kwamba bati linaharibu sura ya mji kutoka angani. Bati hilo ndilo lililouweka mji hai. Lakini bati lilihitaji mabomba ya kuteremsha maji, na bomba lilipoziba kwa majani au kuliwa na kutu, paa zima likawa linamwaga maji yake mahali pamoja juu ya ukuta mmoja. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zilitaifishwa na kugawiwa. Nyumba iliyokuwa ya familia moja ikawa ya familia sita, na bomba la juu likawa la watu wote, yaani la asiyekuwepo. Kila mkaazi alifagia chumba chake. Mlizamu hauko chumbani mwa mtu.

Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa Mji Mkongwe mwaka 1883, lilikuwa na nguzo za chuma, umeme na lifti wakati majirani zake walikuwa na kandili. Kwa miaka mingi lilikaa likivuja na kungoja matengenezo. Mwaka 2012 kipande cha jengo kiliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa umeshaanza, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakafa. Jengo la ukubwa ule haliangushwi na sababu moja, na maji hayakuwa peke yake. Ila picha za siku ile zilionyesha jambo ambalo mwenye kibanda cha vyumba viwili analifahamu vyema: nyumba huanza kuanguka zamani sana, siku ambayo hakuna aliyesikia kitu.

Si kwamba mji huo haukujua kuishi na maji. Angalia baraza, zile benchi za mawe zilizojengwa pamoja na kuta kando ya vichochoro. Tunazisifu kwa kahawa, bao na maongezi ya jioni. Mvua kubwa ikinyesha, kichochoro hugeuka mfereji na baraza huwa njia ya waenda kwa miguu. Mtu hutoka baraza hii kwenda ile bila kulowa. Waliojenga waliyapa maji barabara wakajibakizia kando. Ni ukarimu wa kujinufaisha, na ni aina bora ya ukarimu, kwa kuwa hudumu.

Hapo ndipo suala linapoacha kuwa la ujenzi peke yake. Maji yakitoka kwangu, yanaingia mahali. Hakuna mlizamu usiomwagia upande wa mtu. Katika Musnad ya Imam Ahmad imesimuliwa habari ya Abbas, ami yake Mtume, aliyekuwa na mlizamu juu ya njia ya Khalifa Umar. Ijumaa moja Umar alikuwa amevaa nguo zake akielekea msikitini, na nyumbani kwa Abbas palikuwa pamechinjwa vifaranga. Maji yenye damu yakamwagika kutoka juu yakamfikia. Umar akaamuru mlizamu ung'olewe, akarudi kubadili nguo, akaenda kuswalisha. Baadaye Abbas akamjia na kumwambia kwamba aliyeuweka mlizamu pale ni Mtume mwenyewe. Umar akamsihi kwa kiapo apande juu ya mgongo wake, yeye Khalifa, na aurudishe mahali pake. Abbas akafanya hivyo.

Husimuliwa misikitini kama kisa cha unyenyekevu wa Umar, na ndivyo kilivyo. Lakini kisome pia kama kesi ya nyumba. Mpita njia amelowa na ana haki ya kulalamika. Mwenye nyumba ana haki ya maji yake kutoka. Na haki zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja. Wanazuoni waliofuata walilichambua jambo hili kwa makini. Karne ya 14, mjini Tunis, Ibn al-Rami, ambaye mwenyewe alikuwa fundi mwashi, aliandika kitabu kizima cha hukumu za majengo: kuta za pamoja, madirisha, mifereji na uchafu unaopita mlangoni mwa jirani. Msingi wake ulikuwa kanuni kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Waliona mapema kwamba nyumba ni uhusiano, na kwamba uhusiano huo hupimwa siku ya mvua.

Sisi tunaoishi katika maghorofa ya mijini tunaupima hata siku za jua. Bafu la juu linavuja katika dari la chini. Aliye juu anaoga vizuri, sakafu yake ni kavu, haoni kitu. Aliye chini ameweka ndoo jikoni na anasikiliza tone kwa tone usiku kucha. Anapanda ngazi, anabisha hodi, anasema kwa upole, "Samahani jirani, nadhani kuna maji yanashuka kwangu." Jibu linalotoka mlangoni pale ndilo sheria halisi ya jengo lile. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo, yenye jumuiya ya wamiliki na wajibu wa pamoja, na ni jambo jema kuwa nayo. Hata hivyo bomba lililofukiwa kwenye zege kati ya sakafu ya huyu na dari la yule haliwezi kuguswa bila mmoja kukubali vigae vyake vivunjwe kwa faida ya mwenzake. Sheria inaweza kumlazimisha baada ya miaka. Ujirani ungeweza kumshawishi baada ya wiki.

Na mpangaji? Yeye yuko pabaya kuliko wote. Waa ni lake, ukuta si wake. Akisema sana, kodi itapanda. Akinyamaza, watoto watakohoa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likaeleza kwamba wakazi wa nyumba hizo wanakabiliwa zaidi na dalili za kifua na pumu. Mama mpangaji hakuhitaji mwongozo. Alikuwa ameshahamisha godoro upande wa pili wa chumba. Godoro ndilo linalosema ukweli wa nyumba nyingi zetu: ukiona kitanda kimesogezwa mbali na ukuta bila sababu, uliza habari ya maji.

Wakati huohuo tumeanzisha mtindo mpya. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza zinaota nyumba za kuficha bati: ukuta unapandishwa kuzunguka paa lote ili bati lisionekane, na nyumba ikae kama sanduku lililokatwa kwa rula. Zinapendeza; hilo nalikubali. Tatizo ni kwamba paa la mgongo wa tembo, ambalo babu zetu waliliona la kawaida, lilikuwa na upenu uliomwaga maji nje, mbali na ukuta, bila kumuuliza mtu. Nyumba ya kuficha bati inayateremsha maji yote ndani, katika mfereji mwembamba uliojificha kati ya bati na ukuta, halafu inategemea tundu moja au mawili kuyatoa. Jani moja la mwembe, mfuko mmoja wa plastiki uliopeperuka, kiota kimoja, na lita 5,000 zinasimama juu ya chumba cha kulala. Fundi mzuri huijenga vizuri, kwa mfereji mpana, mteremko wa kutosha, matundu ya ziada na njia ya kupanda kusafisha. Fundi wa bei nafuu hujenga birika. Tumelipia uzuri kwa kuficha kile ambacho nyumba ilipaswa kukionyesha waziwazi, yaani njia ya maji.

Mara maji yakishaingia, hakuna falsafa kwa saa za kwanza. Zima umeme kwenye swichi kubwa kabla ya kukanyaga palipolowa. Funga koki. Toa maji, kisha toa kila kinachonyonya: mazulia, magodoro, makabati ya mbao za kubandika. Vyeti na picha vitandazwe kivulini kimoja kimoja, visipangwe vikiwa vimebebana. Fungua madirisha yote, kwa kuwa kuvu haihitaji zaidi ya siku moja au mbili za unyevu kuanza kazi. Toboa dari lililotuna ili limwage, kabla halijaanguka lenyewe. Kazi hizi katika nyumba nyingi zinaangukia mwanamke mwenye dekio na majirani waliokuja na ndoo zao bila kuitwa, na hakuna fidia ya bima inayofanana na hao.

Ugumu unakuja baadaye, wakati kila kitu kinaonekana kikavu. Uso wa ukuta hukauka kwanza na kudanganya. Wanaotengeneza majengo ya kale wana kadirio la kawaida: mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwa tofali la inchi sita hiyo ni nusu mwaka. Kwa ukuta wa matumbawe wa nusu mita, karibu miaka miwili. Nani ana subira hiyo? Tunapiga lipu wiki ya tatu, tunapaka rangi wiki ya nne, na tunayafungia ndani maji ambayo yalikuwa njiani kutoka. Kuusubiri ukuta ni matengenezo pia, na pengine ndiyo matengenezo ya bei rahisi na yanayotushinda kuliko yote, kwa sababu hayaonekani na mgeni hawezi kuyasifu.

Kilicho kweli kwa nyumba ni kweli kwa mji. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita kati ya Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Desemba 2011 mafuriko yake yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Baadhi zilirejea bondeni, kwa kuwa riziki yao ilikuwa huko. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde hilo, na nyumba za Jangwani na jirani zake zikafidiwa na kubomolewa. Tumezoea kusema kwamba wale watu walijenga katika njia ya maji. Walijenga, ndiyo. Lakini maji yale ya nani? Kila paa la Ukonga, Kinyerezi na Tabata linashusha lita zake 5,000, na kila uwanja uliosakafiwa hadi ukutani unakataa kunywa hata glasi. Mapaa elfu moja, mvua moja, ni lita milioni tano. Sisi wa juu tulikuwa tumelitatua tatizo letu vizuri: bomba, mfereji, barabarani, kwaheri. Dari letu kavu ni sehemu ya mafuriko ya Jangwani, sawa na bafu la ghorofa ya juu na ndoo ya jikoni chini yake.

Kwa hiyo sidhani kwamba swali la kumuuliza fundi kabla ya kuanza msingi ni kama nyumba itavuja. Atakuapia kwamba haitavuja, na huenda anaamini. Mpe ramani na kalamu, umwambie achore njia ya tone moja kutoka kofia ya paa hadi mwisho wake. Akifika kwenye ukuta wa uani asiachie hapo. Avuke, aendelee hadi kwa jirani, hadi mtaroni, hadi mtoni, na ataje ni nani anayeishi mahali kalamu ilipokomea. Kama hamwezi kumtaja mtu huyo, au mkimtaja mnaona haya, basi ramani haijakamilika, hata kama saruji imeshafika.